Uso Mkavu, Mikono Inayosema

Somo la juma: 1 Samweli 1:9–18



Juma hili tutakaa na kuhani Eli, mzee aliyemtazama mwanamke akisali akadhani amelewa. Lakini kabla hatujafika kwake Shilo nitawapitisha mahali ambapo tafakari za kanisa hazipiti mara nyingi: kwenye meza ya karata huko Las Vegas, Marekani, kwa watu ambao kumsoma mwenzao ndiyo riziki yao. Nawapeleka huko kwa sababu watu wale wamejifunza, kwa gharama ya fedha zao wenyewe, jambo kuhusu uso wa mwanadamu ambalo sisi tunaoitana wapendwa ilitupasa tulijue kuliko wao.

Kila mwaka hufanyika huko mashindano yanayoitwa World Series of Poker. Yalianza mwaka 1970 katika kasino ya Binion's Horseshoe. Kiingilio cha shindano kuu ni dola 10,000, na mwaka 2024 waliingia washiriki 10,112. Mchezo wenyewe, poka, unaelezeka upesi. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano zinafunuliwa katikati ya meza kwa matumizi ya wote, na katika kila hatua watu wanaweka dau au wanatupa karata zao. Mshindi ni mwenye mkono bora, yaani mkusanyiko bora wa karata, au ni yule aliyewatisha wenzake mpaka wakatupa karata kabla ya kuonyeshana. Vijana wetu wangesema amewapiga mkwara. Kwa hiyo mtu aweza kushinda akiwa hana kitu mkononi, ilimradi walio mbele yake wasijue kwamba hana kitu.

Nisieleweke vibaya. Siipambi kamari. Nimezika watu ambao kamari iliwatangulia kaburini, na nimekaa na kina mama ambao ada ya shule ya watoto wao ilipotea usiku mmoja. Nitarudi kwenye jambo hilo. Naomba tu kwanza tuwatazame wachezaji hawa kwa makini, kama Bwana wetu alivyowatazama watoza ushuru, akaona kwamba hata kwao kuna la kufundishia.

Katika mashindano, vile vipande vya duara wanavyorundika mbele yao si fedha. Huwezi kuondoka navyo ukanunulie unga. Vikikuishia, unasimama, unawapa wenzako mkono, unaenda zako. Na dau la lazima hupanda kadiri saa zinavyokwenda, hata mtu anayesubiri karata nzuri tu bila kuthubutu lolote analiwa taratibu mpaka anakwisha. Ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia, humjia mchezaji kwa wastani mara moja katika mikono 221. Hata akizipata, mwenye wafalme wawili bado atamshinda karibu mara moja katika kila mara tano. Ndiyo maana mchezaji mzuri hutupa karata zake mara nyingi kuliko anavyozicheza.

Linalonivutia ni anachofanya baada ya kuzitupa. Mchezaji mchanga akishatupa karata anachukua simu yake. Mkongwe anaanza kazi hapo. Anawatazama waliobaki: huyu huweka dau kwa mkono gani, yule hupumua vipi akiwa ametulia, yule wa pembeni huongea sana au huwa mkimya. Hatafuti ishara ya ajabu. Anajifunza kawaida ya kila mtu, kwa sababu ishara haina maana mpaka uijue kawaida iliyovunjwa. Mtu mwenye maneno mengi akinyamaza ghafla, kuna jambo. Mtu mkimya akinyamaza, hakuna jambo. Na karata tatu za kwanza zinapofunuliwa mezani, mkongwe hazitazami. Anawatazama wanaozitazama. Karata zitakuwa pale pale sekunde mbili baadaye, lakini kile kilichopita machoni mwa mtu alipoziona hakitarudi.

Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Mike Caro, alitoa kitabu kizima kuhusu miondoko ya mwili kwenye meza ya poka. Kanuni yake kubwa ni kwamba mtu anayeigiza udhaifu mara nyingi ana nguvu, na anayeigiza nguvu mara nyingi ni dhaifu. Wahenga wetu walishasema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na debe tupu haliachi kuvuma. Anayeguna, akashusha mabega, kisha akaweka dau kubwa huku akihuzunika, mwogope. Anayekukazia macho na kubamiza vipande vyake mezani huenda anataka uondoke tu. Caro aliandika pia kuhusu mikono inayotetemeka. Wengi tungedhani anayetetemeka ni mwongo anayeogopa kukamatwa. Yeye alisema sivyo, mara nyingi ni mtu aliyepata karata kubwa na mwili umeshindwa kuibeba furaha.

Halafu wakaja watafiti. Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha za video za mashindano hayo ya mwaka 2009. Walichukua vipande vifupi sana, visivyo na sauti, vya wachezaji wakiweka dau, wakawaonyesha watu na kuwauliza: unadhani karata za huyu ni nzuri kiasi gani? Wengine walionyeshwa uso peke yake, wengine mikono peke yake, wengine mwili kuanzia kiunoni kwenda juu. Walioona mikono tu walikisia vizuri kuliko bahati nasibu. Walioona uso tu walikisia vibaya kuliko bahati nasibu, yaani wangefumba macho na kutaja jibu lolote wangepatia zaidi. Uso ulikuwa umewapoteza. Mchezaji huweka ulinzi wote usoni. Mkono unaosukuma vipande unasahauliwa, na wenye karata nzuri waliusukuma kwa wepesi, bila kusitasita.

Wapendwa, liwekeni moyoni hilo, maana uso ndio tunaousoma sisi kila Jumapili mlangoni.

Kuna mkono mmoja wa poka ambao umesimuliwa kuliko mingine yote. Mwaka 2003, katika shindano kuu, walibaki wawili kati ya washiriki 839. Mmoja alikuwa Sam Farha, mchezaji wa kulipwa aliyezoea meza kubwa, na sigara yake isiyowashwa mdomoni. Wa pili alikuwa Chris Moneymaker, mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee, ambaye alipata nafasi kwa kushinda mchujo wa intaneti wa kiingilio kisichofika dola 100. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, akisubiri karata moja ya kumkamilishia mkono. Haikuja. Karata ya mwisho ilipofunuliwa hakuwa na chochote, hata jozi ndogo. Akasukuma vipande vyake vyote katikati.

Farha akafikiri. Akamwangalia. Akauliza kwa sauti kama karata aliyokuwa akiisubiri imemkosa, na ndivyo ilivyokuwa hasa. Alikuwa ameutaja ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Moneymaker hakujibu neno. Alikaa vile vile, uso mkavu, miwani myeusi machoni. Na Farha, aliyekuwa na mkono bora na aliyekwisha kuuliza swali sahihi, akazitupa karata zake. Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5, na watu wa kawaida wakamiminika kwenye mchezo huo. Mwaka 2006 waliingia 8,773.

Naufikiria mno mkono ule kwa sababu ya swali. Farha aliuliza, lakini kwenye meza ya namna ile swali haliwezi kuzaa matunda. Mwulizaji anataka kuchukua ulicho nacho. Wewe nawe unajua. Hata ukijibu kweli, jibu lako litapimwa kama uongo. Kwa hiyo wanabaki kukisia: mikono, pumzi, shingo, kimya. Ustadi wote ule wa kumsoma mtu umezaliwa kwa sababu watu wamekaa pamoja kwa saa nyingi, magoti karibu yagusane, na hakuna anayeweza kumwuliza mwenzake jambo na kumwamini.

Sasa twendeni Shilo.

Elkana amepanda na nyumba yake kutoa dhabihu, kama kila mwaka. Ana wake wawili. Penina ana watoto, Hana hana, na Penina humchokoza kwa jambo hilo mpaka analia na kuacha kula. Baada ya karamu Hana anainuka, anakwenda mbele za Bwana. Eli ameketi kwenye kiti chake penye mwimo wa mlango wa hekalu. Hana anaomba moyoni. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Maandiko yanasema waziwazi kwamba Eli alikuwa akimtazama kinywa. Akahitimisha kwamba amelewa, akamkemea.

Msimhukumu Eli upesi. Watu walikuwa wametoka kula na kunywa, divai ilikuwepo. Yeye alikuwa kuhani wa miaka mingi, na bila shaka aliwahi kuona walevi wakijikokota mpaka mlangoni pale. Sura inayofuata inatuambia kwamba wanawe mwenyewe walikuwa wakifanya maovu na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Alikuwa na sababu ya kuwa macho. Kisio lake lilijengwa juu ya uzoefu, na uzoefu huo ndio uliompoteza, kwa kuwa aliuona mdomo wa Hana lakini hakuijua kawaida ya Hana. Wala hakuwa amemwuliza. Hukumu ilitangulia swali.

Na kuna mwingine katika habari hii ambaye hatumtaji sana, ndiye mume. Elkana aliuliza. Aliuliza kwa upendo, maswali manne mfululizo: mbona unalia, mbona huli, mbona moyo wako una huzuni, na la mwisho, je, yeye si bora kwake kuliko wana kumi? Hilo la mwisho si swali tena, ni jibu. Biblia haituandikii neno hata moja la Hana kumjibu mumewe. Nadhani hakukuwa na nafasi ya kuliweka. Kina baba, tunamjua mtu huyu. Anauliza kwa moyo mweupe kabisa, kisha anajijibu, kisha anashangaa kwamba mkewe bado analia.

Hana alipokemewa na kuhani hakuinua sauti. Alimwita bwana wake, akamweleza kwamba hajanywa divai wala kileo, kwamba ni mwanamke mwenye huzuni rohoni anayemmiminia Mungu yaliyomjaa. Na hapa mzee Eli anafanya jambo ninalomheshimu nalo hadi leo. Hajitetei. Hasemi “lakini ulionekana hivi.” Analiacha kisio lake palepale, anamtakia amani, anaungana naye katika ombi lake bila hata kujua ni ombi la nini. Hana akaenda zake, akala, na mwandishi wa kitabu, ambaye naye alijua kusoma nyuso, akaandika kwamba uso wake haukuwa tena na huzuni.

Wapo wengine katika Maandiko walioliona lililo usoni wakafanya vizuri zaidi. Mfalme Artashasta, mpagani, alimwona mnyweshaji wake Nehemia ana huzuni na si mgonjwa, akamwuliza. Kwa swali lile ukuta wa Yerusalemu ulijengwa. Yusufu, gerezani, bila kosa, mwenye kila sababu ya kushughulika na majonzi yake mwenyewe, aliingia asubuhi kwa wafungwa wawili wa Farao, akaona wamefadhaika, akawauliza kwa nini leo nyuso zao zimekunjamana. Leo. Kwa kuwa alikuwa akiwahudumia kila siku, alijua jana zilikuwaje. Huo ndio umakini wa yule mkongwe wa poka, kuijua kawaida ya mtu na kuona ilipovunjika. Ila Yusufu hakutaka kuwashinda. Aliuliza ili asikie, na alipokwisha kusikia alikaa nao hata kwenye habari mbaya, maana mmoja wao, mwokaji, ilibidi aambiwe neno gumu.

Sisi je? Ibada ikiisha tunapanga mstari nje, tunapeana mikono. Habari za nyumbani? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mama anaendeleaje? Hajambo, Mungu ni mwema. Huo ndio uso mkavu wa kwetu, na hakuna mchezaji wa Las Vegas anayeuweza kama sisi, kwa kuwa tumeuvika shukrani. Simlaumu anayejibu hivyo. Mstari ni mrefu, nyuma yake kuna jirani mwenye masikio, na mchungaji ameshamtazama anayefuata. Lakini tazama mikono. Mzee aliyezoea kukushika mkono na kuukalia, leo ameugusa tu akauondoa. Dada wa kwaya anasokota ncha ya khanga mpaka inakuwa kamba, huku akikuambia mazoezi yanaendelea vizuri. Kijana aliyekaa mbele tangu kipaimara sasa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, anatoka wakati wa matangazo. Wazee wa kanisa mnayaona haya. Naijua kazi yenu, mnayaona kabla yangu.

Linaloniumiza ni tunakoyapeleka. Mchezaji wa poka akimsoma mwenzake, hunyamaza nalo. Sisi tunamsoma mtu, kisha tunamsimulia. Tunaliona jambo kwa macho mazuri kabisa, macho aliyotupa Mungu, halafu tunalipeleka kwa jirani, kwa kundi la WhatsApp la jumuiya, tunalipa hata jina la ombi: “Tumkumbuke dada fulani, nadhani nyumbani si salama.” Kila mtu analijua, ila yeye mwenyewe hajaulizwa. Eli alikosea, lakini alikosea mbele ya Hana, na kwa hiyo Hana aliweza kumjibu. Angekosea kwa kumnong'oneza Elkana au mwanawe mwenyewe Hofni, Hana angerudi kwao Rama akiitwa mlevi mpaka kufa kwake.

Nimesema nitarudi kwenye kamari. Katika historia ya mashindano yale kuna mtu aliyeitwa Stu Ungar. Wengi waliocheza naye walimhesabu kuwa mwenye kipaji kuliko wote, mtu aliyeonekana kuzipenya karata za mwenzake kwa macho. Alishinda shindano kuu mwaka 1980, akashinda tena 1981, na baada ya miaka mingi ya dawa za kulevya na madeni, akashinda mara ya tatu mwaka 1997 na kupata dola milioni moja. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, alikutwa amekufa peke yake katika chumba cha moteli ya Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Alikuwa na dola zipatazo 800. Rafiki zake walichanga fedha za mazishi. Aliwasoma watu wote, na mji ule mzima ulijua yuko katika hali gani. Kujua hakukutosha.

Na yeye walau aliketi mbele ya watu. Kamari iliyoingia kwetu haina hata meza. Kijana anaweka mkeka wake wa mechi akiwa kitandani, anakitazama kindege cha kamari kikipaa kwenye simu saa nane za usiku, na hakuna mtu mbele yake wa kuuona mkono unaotetemeka. Kwa hiyo wanaoweza kuona ni ninyi mnaoishi naye, mnaoijua kawaida yake. Simu iliyokuwa ikizagaa mezani sasa inalazwa kifudifudi. Anatoka nje kupokea kila simu. Katikati ya mwezi analeta nyama kilo mbili, na baada ya siku nne anakopa elfu tano kwa sababu moja, elfu tano nyingine kwa mtu mwingine kwa sababu nyingine. Anafurahi kupita kiasi bila sababu, anakasirika bila sababu. Lolote kati ya haya laweza kuwa jambo jingine kabisa, huenda ni uchumba au ugonjwa anaouficha. Ndiyo maana asikemewe mlangoni kama Hana, wala asiulizwe swali ambalo jibu lake tayari mnalo mkononi. Mkuteni akiwa peke yake, mwulizeni, kisha mkae kimya muda mrefu kuliko mnavyoweza kuvumilia. Jibu la kwanza litakuwa “hakuna kitu.” Msiondoke kwa jibu la kwanza.

Jumuiya zitakapokutana Jumatano hii nawaomba viongozi waache nusu saa bila ratiba. Msisome chochote, msitoe taarifa. Kaeni wawili wawili, watu wasioishi nyumba moja, na kila mmoja amwulize mwenzake mambo yanakwendaje, tena amwulize mara ya pili. Mtakayosikia yasitoke pale, hata kwa jina la maombi, mpaka mwenyewe aseme.

Na kwako kijana unayesoma tafakari hii kwa kuwa mama yako amekuwekea mbele yako: ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi baada ya ibada ya jioni. Mlango una kitasa kibovu, usukume kwa nguvu. Sitakuuliza umepoteza kiasi gani. Nitakuuliza umekula, na tutaanzia hapo.